Ukumbi wa Bibi Dolley, na Jiko Lake

Nyumbani kwa bibi yangu, katika Mji wa Kale hapa Mombasa, palikuwa na ukumbi ambao baada ya sala ya alasiri sisi watoto hatukuruhusiwa kuupita. Nakumbuka mwaka 1979, wakati wa uchaguzi, nilitoka chuoni na juzuu yangu kwapani nikachungulia mlangoni. Niliowaona mle ndani ni wake wa mabwana wa pande mbili zilizokuwa hazisemezani. Waume zao wakikutana njiani kila mmoja aligeuza uso. Wao wake wameketi mkeka mmoja, wanakunywa kahawa na kumega halua ya sinia moja, na bibi yangu yu katikati yao, mara acheka na huyu, mara amuuliza yule hali ya mwanawe. Bibi hakupata kusimama jukwaani hata siku moja katika maisha yake. Lakini kila aliyetaka kura za mtaa ule alijua ni mlango gani wa kubisha hodi.

Picha ile ilinirudia miaka mingi baadaye niliposoma habari za mwanamke mmoja wa Marekani, Dolley Madison, mke wa rais wa nne wa nchi ile. Kwao wengi humkumbuka kwa vilemba alivyovaa na kwa picha iliyookolewa na moto. Mimi leo namsimulia kwa sababu nyingine. Mji wa Washington, ambao sasa dunia nzima huutazama, ulikaribia kufa ungali mchanga, na miongoni mwa walioushika mkono usife ni mwanamke huyu, ambaye silaha yake ilikuwa ni ukumbi. Lakini habari yake haitimii mpaka tuingie na jikoni.

BINTI WA WATU WA DINI

Dolley Payne alizaliwa tarehe 20 Mei 1768 katika North Carolina, akakulia Virginia. Wazazi wake walikuwa wa madhehebu ya Quaker, ambayo sisi hapa Kenya twayajua kwa kanisa la Friends lililoanzia Kaimosi mwaka 1902. Ni watu waliochukia vita, waliovaa nguo zisizo na pambo, na ambao wengi wao waliona ya kuwa kummiliki mwanadamu ni dhambi. Baba yake, John Payne, alikuwa na watumwa shambani. Mwaka 1783 dhamiri ilimshinda. Akawaacha huru wote, akaihamisha jamaa yake kwenda mji wa Philadelphia kuanza maisha mapya.

Maisha hayo mapya hayakumwendea vyema. Alifungua biashara ya wanga wa kutia nguo, ikafilisika mwaka 1789, na wenzake wa madhehebu wakamtoa katika jamaa yao kwa sababu ya madeni. Alifariki mwaka 1792 hali amevunjika moyo. Mkewe alifungua nyumba ya wapangaji ili apate kuwalisha watoto. Nataka msomaji aliweke akilini jambo hili la baba aliyepoteza mali kwa kufuata dhamiri, kwa maana tutalirudia.

Dolley aliolewa mwaka 1790 na wakili kijana wa madhehebu yao, John Todd, wakajaaliwa watoto wawili wa kiume. Mwaka 1793 homa ya manjano iliingia Philadelphia, ikaua watu wapatao 5,000. Tarehe 24 Oktoba, siku moja tu, Dolley alifiwa na mumewe na mwanawe mchanga. Akabaki mjane wa miaka 25 na mtoto mmoja mkononi, jina lake Payne.

Katika nyumba ya mama yake alipanga seneta mmoja, Aaron Burr. Huyu ndiye aliyemjulisha kwa rafiki yake, James Madison wa Virginia, bwana aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ya kuitunga katiba ya Marekani. Madison alikuwa na miaka 43 na hajapata kuoa. Alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 4, mwembamba, mwenye sauti ndogo, mtu wa vitabu aliyeona haya mbele ya umati. Walioana tarehe 15 Septemba 1794. Waquaker wakamtoa na yeye katika jamaa yao kwa kuolewa nje ya madhehebu. Akazivua nguo zile za kijivu, akavaa za rangi. Na tangu siku ile akaishi tena katika nyumba yenye watumwa.

MJI WA MATOPE

Mwaka 1800 serikali ya Marekani ilihamia Washington, mji uliochaguliwa kwa mapatano ya wanasiasa ili watu wa kaskazini na wa kusini wasigombane. Sisi wa Mombasa twaijua ladha ya jambo hilo, maana mwaka 1905 Waingereza waliyahamisha makao ya serikali kutoka kwetu wakayapeleka Nairobi, penye kinamasi na karakana za reli. Mfaransa Pierre L'Enfant alikuwa ameuchora mji wa Washington kwenye karatasi mwaka 1791, una njia pana na viwanja vya fahari. Papo chini, fahari ile haikuonekana. Palikuwa na visiki, vichaka na matope, na nyumba zimetawanyika kama mbuzi waliokosa mchungaji. Wakazi wake walikuwa 3,000 na kitu. Ikulu ilikuwa haijakamilika, na Bunge lilikuwa na upande mmoja tu uliokwisha kujengwa.

Wabunge walikuja bila ya wake zao, wakapanga katika nyumba za wageni, watu wa jimbo moja hapa, watu wa chama kimoja pale. Walikula pamoja na wenzao tu, wakanong'ona na wenzao tu. Kikao kikimalizika kila mtu alikimbilia kwao. Mji ulikosa baraza, yaani mahali pa mtu kukutana na hasimu wake pasipo kupiga kura wala kupigana. Na kupigana kulikuwapo kweli. Yule Burr aliyewakutanisha Dolley na Madison, alipokuwa makamu wa rais mwaka 1804, alimpiga risasi Alexander Hamilton, aliyekuwa waziri wa fedha wa kwanza, akamuua. Siasa ya jamhuri changa ilikuwa imefika hapo.

Madison alifika Washington mwaka 1801 akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rais Thomas Jefferson. Jefferson alikuwa mjane, kwa hiyo kila alipowaalika wanawake humwomba Bibi Dolley amsaidie kuwakaribisha. Mwishoni mwa 1803 Jefferson alimwalika chakula balozi mpya wa Uingereza, Anthony Merry, pamoja na mkewe. Ilipofika saa ya kuingia mezani, kwa desturi ya Ulaya mwenye nyumba hutoa mkono wake kwa mke wa mgeni mkubwa. Jefferson, aliyechukia makuu ya kifalme, akampa mkono Bibi Dolley. Balozi na mkewe walibaki kutafuta viti kama watu waliozamia karamu. Jambo dogo kama hilo likawa kesi ya mabalozi, barua zikaenda London, na mke wa balozi akakataa tena kula kwa rais. Nadhani hapo Bibi Dolley alijifunza somo ambalo Jefferson, pamoja na elimu yake yote, hakulijua: mgeni akivunjiwa heshima mezani, taifa lake huhisi limetukanwa.

Lakini tusimdhulumu Jefferson, kwani lipo jambo lake moja linalotugusa sisi Waislamu. Mwaka 1805 alifika Washington mjumbe wa Bey wa Tunis, Sidi Soliman Mellimelli, kuidai merikebu ya kwao pamoja na zile ilizoziteka, ambazo wanamaji wa Marekani walizikamata zikijaribu kuingia Tripoli, bandari waliyokuwa wameizingira. Jefferson alimwalika chakula tarehe 9 Desemba, saa tisa na nusu za mchana kama ilivyokuwa desturi yake. Mwezi ulikuwa wa Ramadhani. Alipojulishwa kuwa mgeni wake amefunga, alituma habari kwa waalikwa kuwa saa imebadilishwa, chakula kitaandaliwa jua likituwa. Wakubwa wa jamhuri ile wakangoja maghribi kwa ajili ya funga ya Mwislamu mmoja. Na aliyekuwa na kazi ya kuzungumza na mjumbe huyo juu ya merikebu alikuwa ni Madison, mumewe Dolley.

JUMATANO USIKU

Mwezi wa Machi 1809 Madison alishika urais. Usiku wa kuapishwa kwake palifanywa dansi kubwa katika hoteli moja karibu na Bunge, watu kiasi cha 400, ya kwanza ya namna yake katika mji ule. Rais mpya alionekana amechoka, akitamani kitanda chake. Mkewe alikuwa amevaa nguo ya mahameli na kilemba chenye manyoya ya ndege, na macho yote yakawa kwake.

Hapo ndipo alipoanza kazi yake hasa. Aliomba fedha za Bunge, na pamoja na fundi mjenzi Benjamin Latrobe akaipamba Ikulu: mapazia ya mahameli nyekundu, viti, vioo, na ile picha kubwa ya George Washington ukutani. Alitaka nyumba iwe nzuri kiasi cha kumfanya balozi wa mfalme asiidharau, lakini isiwe ya kifalme mpaka mkulima wa Kentucky aone haya kuingia. Kisha akaufungua mlango. Kila Jumatano usiku, Bunge likiwa kikaoni, mtu yeyote wa heshima aliweza kuja bila ya kadi ya mwaliko. Walikuja 200, 300, hata zaidi, wakasongamana mpaka mikutano ile ikapewa jina la msongamano.

Walikuja wabunge wa chama cha rais na wa chama cha Federalist kilichompinga, mabalozi wa Uingereza na wa Ufaransa ambao nchi zao zilikuwa vitani, waandishi wa magazeti, wafanyabiashara, mabinti na mama zao. Kulikuwa na keki, matunda na aiskrimu. Bibi Dolley alizunguka katikati yao na kikopo chake cha ugoro, maana alikuwa mnusaji hodari, akiwanusisha na wengine. Alisahau majina mara chache mno. Hakubishana siasa na mtu. Aliyeingia amenuna alimpa neno la kumchangamsha, na aliyesimama pembeni peke yake alimtafutia wa kuzungumza naye.

Asije msomaji akadhani huo ulikuwa upuuzi wa wanawake. Katika chumba kile mbunge aliweza kusimama na hasimu wake wakaulizana mambo ambayo Bungeni yangewagharimu kura. Kijana aliyetafuta kazi serikalini alimwona mkubwa wa kumwombea. Wake za wabunge walibeba habari kutoka upande huu kwenda upande ule, na mambo yasiyosemeka hadharani yakasemeka. Madison, ambaye mbele ya watu wengi alionekana kama mtu aliyepotea njia, alipata humo marafiki ambao asingeweza kuwapata mwenyewe. Yasimuliwa ya kuwa Charles Pinckney, aliyeshindwa naye katika uchaguzi wa 1808, alisema baadaye kuwa angalikuwa na nafuu kama angalishindana na Madison peke yake, si na Madison na mkewe.

Na huyu ni mtu asiyekuwa na kura. Wanawake wa Marekani waliandikiwa haki ya kupiga kura katika katiba mwaka 1920, miaka 71 baada ya kufa kwake.

MOTO

Mwezi wa Juni 1812 Marekani iliingia vitani na Uingereza, kwa kura zilizokaribiana katika Seneti, 19 kwa 13. Walioipinga vita waliiita vita ya Bwana Madison. Hata hivyo Jumatano za mkewe hazikufungwa, na waliomlaani mume waliendelea kuja kula aiskrimu ya mke.

Tarehe 24 Agosti 1814 majeshi ya Waingereza yaliwashinda wanamgambo wa Marekani mahali paitwapo Bladensburg, maili chache tu nje ya mji. Madison alikuwa ameondoka kwenda kuwatazama askari. Bibi Dolley alibaki Ikulu, akipanda juu na darubini kumtafuta mumewe, asione ila vikundi vya askari wanaozagaa. Meza ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Mara akaja mpanda farasi mbio, James Smith, mtu mweusi aliyekuwa huru, akipiga kelele kuwa watu waondoke. Bibi Dolley alikuwa amekwisha kuyatia makaratasi ya serikali katika masanduku. Akaamuru picha ya George Washington isiachwe. Fremu yake ilikuwa imekazwa ukutani, ikabidi ivunjwe ndipo picha itoke.

Kwa miaka mingi watoto wa shule wa Marekani walifundishwa ya kuwa aliitoa picha ile kwa mikono yake mwenyewe. Sivyo. Alitoa amri, na amri ile ina sifa yake. Waliopanda ngazi ni bawabu Mfaransa, Jean Pierre Sioussat, na mtunza bustani. Twajua hivyo kwa sababu katika nyumba ile alikuwamo mtoto wa miaka 15 aliyeiandaa meza, mtumwa wa Madison, jina lake Paul Jennings, ambaye alipokuwa mtu mzima aliyaandika aliyoyaona. Nitarudi kwake.

Waingereza waliingia usiku, wakakikuta chakula mezani, wakala, kisha wakaitia nyumba moto. Bunge nalo likaungua pamoja na maktaba yake. Mwaka uliofuata Jefferson aliliuzia Bunge vitabu vyake 6,487 kufidia vilivyoungua, na miongoni mwavyo ilikuwamo tafsiri ya Kiingereza ya Kurani Tukufu aliyoinunua mwaka 1765 alipokuwa akisomea sheria. Nakala ile ingalipo Washington, na mwezi wa Januari 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, aliishika katika sherehe ya kuapishwa kwake.

Turudi kwenye majivu. Bibi Dolley aliporudi baada ya siku chache, aliikuta Ikulu ni kuta nyeusi tupu. Hapo ndipo mji ulipochungulia kaburi. Wabunge waliokuwa tangu zamani wamechoshwa na matope walipata kisa: ya nini kuujenga tena mji usiokuwa mji? Serikali irudi Philadelphia, penye nyumba, maduka na watu. Jambo lilipigiwa kura mwezi wa Oktoba 1814, na hoja ya kuhama ikashindwa kwa kura 83 dhidi ya 74. Wabunge watano tu wangalibadili mawazo yao, Washington leo ingekuwa magofu kama ya Gedi.

Sitadai kuwa ukumbi wa mwanamke mmoja ndio uliozileta kura zile. Palikuwa na hoja za majimbo ya kusini, na palikuwa na mabenki ya mji yaliyokuwa tayari kukopesha fedha za ujenzi. Lakini mtu huutetea mji alioupenda, na aliyewapa wabunge wale sababu ya kuupenda Washington ni nani, kama si yeye aliyewapa mahali pa kwenda jioni? Yeye na mumewe walipanga nyumba ya mtu iitwayo Octagon, wakarudia kukaribisha watu huku harusi ya moshi haijatoka puani. Mwezi wa Februari 1815 habari za mapatano ya amani zilipofika, mji wote ulimiminika kwake. Madison aliutia sahihi mkataba katika nyumba hiyo, naye kijana Paul Jennings akapiga fidla. Mwaka huo huo wanawake wa Washington walianzisha nyumba ya kulea mayatima, Bibi Dolley akawa mkuu wake wa kwanza, akatoa dola 20 na ng'ombe mmoja.

SASA TUINGIE JIKONI

Wahenga walisema ukiona vyaelea jua vimeundwa. Ukumbi ule uliundwa na nani? Keki zile nani aliyezipika, aiskrimu ile nani aliyeisukasuka, mishumaa nani aliyeiwasha na sahani nani aliyeziosha alfajiri ya Alhamisi? Wengi wao walikuwa watumwa. Shamba la Madison huko Montpelier, Virginia, lilikuwa na watumwa wapatao 100, na ndio waliokuwa wakiilipia, kwa jasho lisilolipwa, ile heshima na ukarimu uliosifiwa mpaka Ulaya. Binti wa John Payne, aliyewaacha huru watu wake mwaka 1783 akaingia ufukara, sasa alikuwa mke wa mtu aliyeiandika katiba ya uhuru na asimwache huru hata mtumwa wake wa chumbani.

Madison alimaliza urais mwaka 1817, wakarudi shambani. Alifariki tarehe 28 Juni 1836, na aliyekuwa naye chumbani pumzi ilipomtoka ni yule Paul Jennings. Mjane akarithi shamba, watu na madeni. Mwanawe Payne, yule aliyenusurika na homa, alikuwa amekuwa mlevi na mcheza kamari, akila mali ya mama yake kama mchwa. Bibi Dolley aliliuzia Bunge sehemu ya maandishi ya mumewe kwa dola 30,000 mwaka 1837, akarudi Washington kwenye nyumba inayotazamana na Ikulu. Watu wakamrudia. Kila mwaka mpya waliotoka kumwamkia rais walivuka kiwanja kwenda kumwamkia yeye. Mwaka 1844 Bunge lilimpa kiti chake cha heshima, atakapopenda kuja kusikiliza.

Huku nje anaheshimiwa, ndani chakula kilikuwa haba. Mwaka huo huo wa 1844 aliliuza shamba la Montpelier. Kisha akauza watu, mmoja mmoja. Paul Jennings alikuwa na mke na watoto Virginia, naye akalazimika kukaa Washington kumtumikia bibi huyu, mpaka mkewe akafa mwaka 1844. Mwaka 1841 Bibi Dolley alikuwa ameandika wasia ya kuwa akifa, Paul awe huru. Hakungoja kufa. Mwaka 1846 alimuuza kwa dola 200. Mwaka uliofuata Seneta Daniel Webster akamnunua kwa dola 120, kwa masharti ya kuwa Paul azilipe kwa kazi, dola 8 kwa mwezi, kisha awe huru. Ikawa hivyo.

Sukey naye alikuwa mjakazi wake, na siku ile ya moto ya mwaka 1814 alikuwa dirishani akichungulia nje. Miaka zaidi ya 30 baadaye aliuzwa na bibi yule yule aliyemtumikia. Binti yake Ellen alitoroka asije akauzwa na yeye, na mwezi wa Aprili 1848 akawa mmoja wa watu 77 waliopanda jahazi la Pearl usiku wakitafuta uhuru wa kaskazini. Upepo haukuwa wao. Walikamatwa mdomoni mwa mto, kabla ya kuingia ghubani.

Sasa tazama alivyofanya Paul Jennings. Alipokuwa mtumishi wa Webster, Webster alimtuma mara kwa mara apeleke kikapu cha vyakula kwa Bibi Dolley, na akamwagiza ya kuwa akiona nyumba ile ina upungufu wowote, autimize. Paul aliupeleka. Wakati mwingine alitia na fedha kidogo za mfukoni mwake mwenyewe, kwa kuwa aliona bibi hana hata vitu vya lazima. Mtu aliyeuzwa akamlisha aliyemuuza. Nimesoma mengi juu ya ukarimu wa Bibi Dolley, na wote sikuuona ukilifikia tendo hilo.

Mwezi wa Mei 1848 Bunge lilinunua maandishi yaliyosalia kwa dola 25,000, na nyingi katika hizo zikawekwa amana ili mwanawe asizifikie. Bibi Dolley alifariki tarehe 12 Julai 1849, umri wake miaka 81. Rais, mawaziri, wabunge na majaji walilisindikiza jeneza lake. Mji uliokuwa visiki alipoukuta ulisimama kumzika. Paul Jennings aliishi mpaka mwaka 1874, mtu huru mwenye nyumba yake Washington. Kitabu chake kidogo kilichotoka mwaka 1865 huhesabiwa kuwa cha kwanza cha mtu aliyeishi ndani ya Ikulu ile, nacho hakina neno la matusi kwa waliommiliki.

NA SISI JE?

Niliyasoma haya kwa nia ya kumsifu mwanamke aliyefanana na bibi yangu, na mwisho wake yakanirudisha kwenye nyumba yetu. Maana kahawa ile ya mwaka 1979 haikujichemsha. Nyuma ya ukumbi palikuwa na jiko, na jikoni palikuwa na mama mmoja mkongwe aliyekoka moto kabla ya adhana ya alfajiri na kuufukia baada ya isha. Tulimpenda, alitulea, alituimbia. Mama yake alikuwa mtumwa wa jamaa zetu mpaka sheria ya mwaka 1907 ilipoufuta utumwa katika pwani hii. Binti alibaki pale pale jikoni, huru kwa sheria, na hakuna aliyemuuliza angependa kukaa wapi.

Nimewauliza wazee wetu waliobaki jina la baba yake. Hawalijui. Nasaba yetu twaihesabu mababu saba nyuma bila ya kutazama karatasi.

Sisemi haya ili tuyafunge kumbi zetu. Nchi yetu yazihitaji, maana kila uchaguzi ukija twaona watu waliokua pamoja wakigeuziana nyuso, na hakuna sinia la kuwakalisha pamoja. Lakini anayeusifu ukumbi na atazame na mlango wa nyuma. Kwetu kila mwaka tukisoma hitima ya wazee wetu, karatasi ya majina husomwa, mume kwa mume na mke kwa mke. Mwaka huu nilichukua kalamu, na chini ya jina la bibi yangu nikaliandika la yule mama wa jikoni. Kwa kuwa baba yake hatumjui, nilimwandika binti wa Adamu. Mwenye kusoma alisita kidogo, akanitazama, kisha akasoma. Mola awarehemu wote wawili.